Kinga ya Polio ya Utotoni Hudumu Muda Gani? Uchambuzi wa Kisa cha Msafiri wa Miaka 38

Mwanamke wa miaka 38 anafika kliniki ya chanjo za wasafiri zikiwa zimebaki wiki 6 aondoke. Amepata mkataba wa kazi wa miezi 14 nchini Pakistan, na baada ya miezi 7 atapata likizo ya wiki 3 kurudi nyumbani. Mkononi ana kadi yake ya kliniki ya mwaka 1987 pamoja na majibu ya kipimo cha damu kilichoagizwa na daktari wa mwajiri. Hana ugonjwa sugu, si mjamzito, hatumii dawa zinazoshusha kinga. Anataka kujua jambo moja tu: matone aliyopewa akiwa mtoto mchanga bado yanamlinda, au yameshaisha nguvu?

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwenye kliniki za namna hii. Hakimhusu mtu mmoja anayefahamika. Tumekichagua kwa sababu kinakusanya mahali pamoja karibu kila kosa linalofanywa pale mtu mzima anapouliza kuhusu chanjo ya polio ya utotoni.

Kadi inaonyesha tarehe tatu: dozi ya sifuri iliyotolewa siku chache baada ya kuzaliwa, dozi ya kwanza katika wiki ya 6, na dozi ya pili katika wiki ya 10. Kisanduku cha dozi ya tatu, ile ya wiki ya 14, ni kitupu. Majibu ya damu yanasema kingamwili (protini za damu zinazopambana na virusi) dhidi ya polio aina ya 1, kati ya aina tatu za virusi hivi, ni 1:32, dhidi ya aina ya 3 ni chini ya 1:8, na aina ya 2 haikupimwa. Chini ya majibu hayo daktari wa mwajiri ameandika kwamba kinga imekwisha na chanjo zote zirudiwe tangu mwanzo.

Pendekezo hilo si sahihi. Lakini kumwambia kwamba yuko salama na hahitaji chochote nako ni kukosea.

Kinga tatu, kila moja na umri wake

Virusi vya polio huingia kwa mdomo, huzaliana kooni na kwenye utumbo, kisha kwa baadhi ya watu huingia kwenye damu na kufika uti wa mgongo, vinakoua chembe za neva zinazoendesha misuli. Kati ya watu 200 walioambukizwa, mmoja hivi hupooza asipone. Chanjo inaweza kuvizuia virusi katika vituo vitatu vya safari hiyo, na kila kizuizi kina muda wake wa kudumu.

Kizuizi cha kwanza kiko utumboni. Matone hujenga kingamwili kwenye utando wa utumbo, na kwa muda fulani mtu aliyepewa matone huambukizwa kwa shida na hata akiambukizwa hutoa virusi vichache kwenye choo. Kinga hii ndiyo inayopungua upesi kuliko zote. Tafiti zilizofanyika India na kuchapishwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba watoto waliokuwa wameshapewa matone mara nyingi bado wangeweza kubeba virusi utumboni, na kwamba sindano moja ya chanjo ya virusi vilivyouawa iliiamsha kinga ya utumbo wao vizuri kuliko tone jingine. Jambo hili litarudi kwenye uamuzi wa mwisho.

Kizuizi cha pili ni kingamwili zinazozunguka kwenye damu. Hizi hushuka kwa kasi katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo baada ya dozi ya mwisho, halafu mteremko unakuwa mdogo sana. Uswidi, ambako chanjo ya sindano pekee ndiyo iliyotumika, watu waliofuatiliwa kwa miaka 18 baada ya kukamilisha dozi zao bado walikuwa na kingamwili. Waliokamilisha dozi huzihifadhi kwa miongo kadhaa, ingawa kiasi hutofautiana mtu na mtu.

Kizuizi cha tatu ni kumbukumbu ya kinga: chembe za damu zilizowahi kukutana na virusi na zinazoweza kuanza kutengeneza kingamwili tena, kwa wingi, ndani ya takriban wiki moja. Hapa ndipo tabia ya polio inapomfaa binadamu. Tangu virusi kuingia mwilini hadi kupooza, kwa kawaida hupita siku 7 hadi 21. Kumbukumbu inayohitaji wiki moja kuamka huwa na nafasi ya kuvikuta virusi kwenye damu kabla havijaharibu uti wa mgongo. Lakini kumbukumbu haizuii virusi kuzaliana utumboni: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wazee wasiokuwa na kingamwili kwenye damu, wenye kumbukumbu ya kinga, walipopewa matone walitoa virusi kwenye choo.

Kwa hiyo mtu aliyekamilisha dozi zake utotoni anaweza kutarajia kulindwa asipooze kwa miongo mingi, pengine maisha yake yote. Asitarajie kwamba hataambukizwa wala hatawaambukiza wengine.

Milipuko inathibitisha hivyo. Mwaka 1992 na 1993 polio aina ya 3 ilizuka Uholanzi, nchi iliyotumia sindano pekee tangu 1957. Waliougua walikuwa 71, wawili wakafa, na karibu wote walitoka katika jamii ya kidini isiyokubali chanjo. Majirani zao waliochanjwa hawakukumbwa. Mwaka 2013 virusi vya mwituni, yaani vya asili visivyotokana na chanjo, vya aina ya 1 vilionekana kwenye maji taka ya Israel kwa miezi mingi, vikipita kwenye matumbo ya watu waliochanjwa kwa sindano, na hakuna hata mmoja aliyepooza. Mwaka 2022, katika jimbo la New York nchini Marekani, kijana mmoja alipooza kutokana na virusi vya aina ya 2 vinavyotokana na chanjo ya matone. Hakuwa amechanjwa.

Je, watu wazima wanaopooza kwenye milipuko si ushahidi kwamba kinga ya utotoni huisha? Hoja hii inatajwa mara nyingi na inastahili kujibiwa kwa makini. Namibia mwaka 2006 wagonjwa wengi walikuwa watu wazima. Walikuwa wamezaliwa kabla ya matone kuanza kutolewa kwa utaratibu wa kawaida mwaka 1990. Albania mwaka 1996 na Jamhuri ya Kongo mwaka 2010 waliopooza walikuwa hasa vijana, na ndani yao walikuwamo wengi waliokosa dozi au waliopewa dozi ambazo hazikushika. Katika visa hivi tatizo kubwa halikuwa kinga iliyozeeka, bali kinga ambayo haikuwahi kujengwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kisa chetu.

Kusoma kadi ya mwaka 1987

Dozi ya sifuri haihesabiwi kati ya dozi tatu za msingi. Hutolewa ili kumwahi mtoto mapema na kuutangulia utumbo kabla virusi vingine havijaukalia, lakini mwili wa mtoto wa siku chache, ukiwa bado na kingamwili za mama, hauitikii vya kutosha. Kwa hesabu ya dozi za msingi, basi, mwanamke huyu ana dozi mbili, si tatu.

Mama yake anakumbuka watu waliopita nyumba kwa nyumba wakidondosha matone. Inawezekana. Lakini dozi za kampeni mara nyingi haziandikwi kwenye kadi. Mtoto hupakwa wino kidoleni na wino hufutika. Isitoshe, matone ya vitamini A, yale yanayokamuliwa kutoka kwenye kidonge laini kilichokatwa ncha, wazazi wengi huyachanganya na ya polio. Kanuni ya kazi ni moja: dozi isiyo na tarehe iliyoandikwa haihesabiwi. Kuongeza dozi moja kwa mtu aliyekwisha kuipata hakumdhuru. Kumruka asiyeipata kunaweza kumwacha wazi.

Hata zile dozi mbili zilizoandikwa zinathibitisha tu kwamba matone yaliingia mdomoni, si kwamba kinga ilijengeka. Chanjo ya matone ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na ikipata joto hufa. Leo kila kichupa cha matone kina alama ya joto: duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo inafaa. Mraba ukifikia rangi ya duara au kuipita, kichupa kinatupwa. Alama hiyo ilianza kuwekwa mwaka 1996. Mwaka 1987 mhudumu alikuwa na kipimajoto cha friji na uaminifu wake, basi. Kichupa kilichokaa juani kwenye kikapu cha baiskeli kilifanana kabisa na kile kilichohifadhiwa vizuri.

Kuna sababu nyingine ya matone kutoshika. Katika maeneo ya joto yenye magonjwa mengi ya kuhara, virusi vingine huwa vimeshaukalia utumbo wa mtoto na kuvizuia vile vya chanjo. Tena, virusi vya aina tatu ndani ya tone moja hugombania nafasi, na aina ya 2 ndiyo iliyokuwa ikishinda. Mapitio ya tafiti za nchi zinazoendelea yalikuta kwamba baada ya dozi tatu za matone, watoto waliopata kingamwili walikuwa takriban 73% kwa aina ya 1, 90% kwa aina ya 2 na 70% kwa aina ya 3. Katika nchi zenye uchumi mkubwa dozi tatu hizo hizo ziliwakinga zaidi ya 95%. Aliyepata mbili tu, katika mazingira magumu, anaweza kuwa amekosa kinga ya aina moja tangu mwanzo. Chanjo ya sindano haigombani na chochote utumboni: dozi mbili huwapa zaidi ya 90% kingamwili za aina zote tatu, na dozi tatu huwafikisha 99% au zaidi.

Majibu ya maabara

Kipimo hiki hufanywa kwa kuchanganya damu iliyopunguzwa makali hatua kwa hatua na virusi vya polio, kisha kuangalia kama chembe zilizooteshwa maabara zinanusurika. Kila hatua huipunguza makali mara mbili: 1:8, 1:16, 1:32. Kufikia 1:8 huhesabiwa kuwa na kinga. 1:32 ya aina ya 1, basi, ni habari njema: dozi zake zilishika kwa aina hiyo, na aina ya 1 ndiyo pekee ya mwituni iliyobaki duniani, ikizunguka Pakistan na Afghanistan.

Chini ya 1:8 kwa aina ya 3 kuna maana mbili zinazowezekana, na kipimo hakiwezi kuzitenganisha: ama dozi hazikushika kwa aina hiyo, ama zilishika na kingamwili zikashuka huku kumbukumbu ikibaki. Kuandika kwamba kinga imekwisha ni kuchagua jibu moja bila ushahidi. Kwa bahati nzuri, aina ya 3 ya mwituni ilithibitishwa kutokomezwa Oktoba 2019, kwa hiyo pengo hilo si hatari inayomkabili leo.

Aina ya 2 ya mwituni ilithibitishwa kutokomezwa Septemba 2015, na tangu hapo maabara zinazoruhusiwa kushika virusi hai vya aina hiyo ni chache na ziko chini ya ulinzi mkali. Ndiyo maana safu yake ni tupu kwenye karatasi. Haina maana kwamba hana kinga. Aliyepewa matone mwaka 1987 alipewa yenye aina zote tatu, na aina ya 2 ndiyo iliyokuwa ikishika vizuri kuliko nyingine.

Msimamo wetu ni kwamba kipimo hiki hakikupaswa kuagizwa. Kinachukua muda, na jibu lake lolote lisingebadilisha sindano anayostahili kupata. Kadi ilitosha.

Uamuzi

Dozi za msingi hazianzwi upya, hata ikipita miaka 38. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa mara nyingi kuliko zote, na kuivunja humgharimu mtu sindano zisizo na kazi na wakati mwingine humfanya aahirishe safari. Chembe za kumbukumbu hazijali kwamba dozi ya tatu imechelewa. Zikikutana na chanjo huitikia kama zilivyofunzwa. Mwanamke huyu anahitaji dozi moja kukamilisha tatu za msingi, kisha moja ya nyongeza kwa kuwa anakwenda kuishi mahali penye virusi. Utaratibu wa Marekani humpa msafiri mzima aliyekamilisha dozi za utotoni nyongeza moja ya maisha yote; Uingereza hutoa nyongeza ikiwa imepita miaka 10 tangu dozi ya mwisho. Nchi hutofautiana kwa tahadhari, na hakuna mahali miaka 10 ilipogunduliwa kuwa siku ambayo kinga hukatika.

Siku hiyo hiyo alipofika anachomwa sindano ya kwanza: chanjo ya virusi vilivyouawa, 0.5 ml, kwenye msuli wa juu ya mkono. Kabla ya hapo anaulizwa kama aliwahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyopita, au kwa neomisini, streptomisini au polimiksini B, dawa ambazo mabaki yake kidogo yamo ndani ya chanjo. Anakaa dakika 15 akiangaliwa, halafu anaondoka. Mkono unaweza kuuma siku moja au mbili.

Sindano ya pili inapangwa wakati wa likizo, baada ya miezi 7 ya kazi. Hapa mpangilio unahitaji hesabu. Kwa mapendekezo yaliyotolewa na Shirika la Afya Duniani tangu polio itangazwe dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2014, mkazi wa nchi yenye maambukizi, au mgeni aliyekaa humo zaidi ya wiki 4, anatakiwa awe amepata dozi kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya kutoka nchini humo. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kutoka, si ya kuingia. Sindano ya leo, wiki 6 kabla ya safari, itakuwa na miezi 8 na nusu hivi atakapotoka kwa likizo, inakubalika. Ila mkataba ukiisha itakuwa na zaidi ya miezi 15, na anaweza kusumbuliwa uwanja wa ndege. Akichomwa ya pili wakati wa likizo, siku ya kutoka kabisa itakuwa na takriban miezi 7. Sindano hiyo moja inakuwa nyongeza yake na pia inamvusha mpakani.

Sharti la miezi 12 halina maana kwamba baada ya mwaka anaweza kupooza. Linawalinda watu wa kule anakokwenda akitoka Pakistan. Kinga ya utumbo ndiyo inayopungua upesi, na msafiri mzima wa afya anaweza kubeba virusi wiki kadhaa bila dalili yoyote hadi kwenye nyumba yenye mtoto asiyechanjwa. Kwa kuwa utumbo wake uliwahi kufunzwa na matone, sindano itaiamsha kinga hiyo pia. Mtu ambaye maisha yake yote alipata sindano pekee hapati faida hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu hakuna kitu utumboni cha kuamshwa. Anapokaa muda mrefu mahali penye virusi, matone ndiyo yanayoweza kumpa kinga ya utumbo.

Panapoharibika

Cheti ndicho hukwamisha watu wengi. Dozi lazima iandikwe kwenye Cheti cha Kimataifa cha Chanjo, kile kitabu cha njano, kwa Kiingereza au Kifaransa, chenye tarehe, sahihi, namba ya toleo la chanjo na mhuri wa kituo. Mhudumu akitumia chanjo ya mchanganyiko wa pepopunda, dondakoo na polio, akaandika pepopunda tu, polio haijatolewa kwa macho ya afisa wa mpakani.

Chanjo ya sindano huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na huharibika ikiganda. Wahudumu waliozoea matone, ambayo huvumilia kugandishwa, wakati mwingine huiweka karibu mno na barafu. Kichupa kinachoshukiwa kuganda kisitumike.

Akija na mtoto wake, majibu yatakuwa tofauti na ya mama. Kuanzia Aprili 2016 matone ya kawaida yaliondolewa aina ya 2, hivyo mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hutegemea sindano kwa kinga ya aina hiyo. Wengi walipata sindano moja tu katika wiki ya 14, na dozi moja haimkingi kila mtoto. Virusi vya aina ya 2 vinavyotokana na chanjo bado vinasambaa katika nchi kadhaa. Mwaka 2024 vilimpooza mtoto wa miezi 10 Gaza. Mtoto wa namna hiyo anaongezewa sindano ya pili kabla ya safari, na kwake hili ni la haraka kuliko kwa mama.

Wanaopoteza kumbukumbu ya kinga yenyewe ni kundi jingine kabisa. Aliyepandikizwa uboho huanza dozi upya kwa sindano, na mwenye kinga iliyoshuka sana asipewe matone, kwa kuwa virusi vyake ni hai.

Likizo ikifutwa, sindano ya pili ichomwe huko huko Pakistan, wiki 4 kamili au zaidi kabla ya tarehe ya kutoka, na aende na kitabu chake cha njano kiandikwe na kupigwa mhuri siku hiyo hiyo.